Salamu za Noeli, mahindi yakiwa bado magotini

Ba mama, ba baba, ba yaya na wadogo wetu wote mlioko mbali na karibu, kutoka nyumbani kwetu hapa Kampemba, Lubumbashi, tunawasalimu katika jina la Bwana. Sisi tuko wazima. Mvua zimeshika, maembe yameshuka bei hadi watoto wameanza kuyachoka, na uyoga mkubwa wa kwenye vichuguu umeanza kuonekana kando ya barabara ya Likasi, ule ambao mtoto akiushika unamfunika uso mzima. Baba watoto atafika kutoka Kolwezi siku moja kabla ya sikukuu, zamu yake ikiruhusu. Tunaomba iruhusu.

Mwaka huu tena simu yangu imejaa kadi za Noeli zenye theluji, misonobari na nyumba zenye moshi. Sina ugomvi nazo, zinatumwa kwa upendo. Lakini kadiri ninavyokaa na watoto nyumbani ndivyo ninavyoona kwamba sisi watu wa Katanga tumepewa Noeli yetu, na haifanani na ile ya kwenye kadi. Kule sikukuu inawakuta watu mavuno yakiwa yameshaingia ghalani. Huku kwetu inatukuta tumetoka kupanda. Mahindi tuliyotia ardhini Novemba sasa yanafika magotini. Mahindi mabichi ya kuchoma tutayaona mwisho wa Februari au Machi, na makavu ya kusaga ni mpaka Aprili na kuendelea. Unga wa mavuno yaliyopita ndio unaisha sasa hivi, na meka, kile kipimo cha kununulia unga, inapanda bei sokoni kwa wakati uleule ambao kila nyumba inataka kupika zaidi. Mnakumbuka mwaka 2024, ukame ulipoipiga Zambia hadi serikali yao ikatangaza janga la kitaifa: malori yanayopita mpaka wa Kasumbalesa yakapungua, na hapa mjini watu waliheshimu bukari, ugali wetu, kuliko nyama.

Kwa hiyo Noeli yetu ni sikukuu ya watu wanaongoja. Tunaimba Mwokozi amezaliwa huku chakula chetu kikiwa bado kijani shambani. Zamani niliona ni bahati mbaya ya kalenda. Siku hizi naona hakuna mahali panapofaa zaidi kwa habari ya mtoto mchanga, maana mtoto mchanga naye ni ahadi ambayo haijaiva. Wale wachungaji walikwenda, wakamwona amelala horini, wakarudi kwenye kondoo wao, na Herode alikuwa bado yuko kwenye kiti chake. Ilibidi miaka thelathini ipite kabla mtoto yule hajafungua kinywa kufundisha.

Nyumba yetu, kama mjuavyo, ni ya makanisa mawili. Upande wa baba watoto ni Wakatoliki, mimi nimelelewa Mmetodisti, na watoto wanajua nyimbo za pande zote mbili. Dominika ya tatu ya Majilio tulikuwa kwa Wakatoliki, na somo la pili likawa lile la Yakobo, mlango wa tano, juu ya mkulima anayevumilia mpaka nchi ipate mvua ya kwanza na ya mwisho. Mtoto wangu wa pili alinigeukia pale pale kanisani akaninong'oneza, tena si kwa sauti ndogo: "Mama, ya kwanza imeshapita." Ana mistari yake ya mahindi nyuma ya nyumba, kando ya choo cha zamani, anaipima kwa rula na kuandika kwenye daftari. Mahubiri yalikuwa mazuri, ila nadhani yeye alikuwa ameshayasikia shambani kwake.

Hapo nigusie jambo ambalo wengi mnaniuliza, hasa ba shangazi: mbona wale wadogo wawili bado wanasomea nyumbani, kwani pesa ya shule imekosekana? Hapana, mama. Tulianza kama kila mtu, Machi 2020, shule zote za nchi zilipofungwa kwa sababu ya korona. Zilipofunguliwa, mkubwa alirudi, na leo yuko sekondari na anaipenda. Kwa hawa wadogo tuliona kazi imeshika mizizi, tukaendelea. Mimi mwenyewe nimekuwa mwalimu wa darasa, siwezi kuisema shule vibaya, hasa nikikumbuka walimu wanaosimama mbele ya watoto sitini na chaki moja. Wala sidhani kila nyumba ifanye hivi. Mama anayeondoka alfajiri kwenda kuuza soko la Kenya na kurudi giza limeingia, asije mtu akamwambia kwamba hawalei watoto wake. Anawalea kwa miguu yake.

Lakini lile agizo la Kumbukumbu la Torati, mlango wa sita, la kuwafundisha watoto ukiwa umeketi nyumbani, ukitembea njiani, ukilala na ukiamka, halikuandikiwa wenye nafasi tu. Tazameni lilivyopangwa: hakuna hata saa moja ya dawati ndani yake. Ni mambo ya kukaa, kutembea, kulala, kuamka. Mimi ningeongeza na kupika, kwa maana kwetu hakuna mahali watoto wanakaa muda mrefu karibu na mama kuliko penye mbabula, jiko letu la mkaa, makala yakikataa kushika.

Na Desemba ndiyo mwezi ninaoupenda kufundisha, kwa sababu jiko linafanya nusu ya kazi. Chukueni munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Kila mtu hapa anaunywa, wachache tumekaa tukauliza unatokea wapi utamu wake, maana hatutii sukari. Unapika uji wa mahindi mwepesi, unauacha upoe kiasi, unatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa. Niliwapa watoto kijiko cha uji kabla, mzito na usio na ladha yoyote. Kisha tukangoja. Baada ya muda ule uji ukalegea wenyewe ukawa kama maji, na kijiko cha pili kilikuwa kitamu. Mizizi ile ina vimeng'enya vinavyouvunja wanga wa mahindi na kuugeuza sukari, kazi ileile ambayo mate yetu hufanya tukitafuna bukari kwa muda mrefu. Yule mdogo alitafuna tonge lake mpaka taya zikamuuma ili ahakikishe. Kesho yake munkoyo unaanza ukali kidogo, na ndio ninaoupenda mimi. Ukiachwa zaidi unaelekea kuwa pombe, na hapo somo la watoto limefungwa.

Sombe, yaani kisamvu, nayo ni darasa zima. Mama mkwe alikuja kutusaidia kutwanga, na watoto wakamuuliza kwa nini mwanzoni hafuniki sufuria. Akasema: "Ili ubaya utoke." Nami nikachukua chaki. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, ila yakiwa mazima imefungwa ndani yake. Kinu kinapoyavunja ndipo inapofunguka, na kwa kuwa sumu hiyo hugeuka mvuke kwenye nyuzi 26 tu, moto wa sufuria iliyo wazi unaifukuza sehemu yake kubwa hewani. Kwa hiyo sombe isiyotwangwa vizuri na kuchemshwa vya kutosha si sombe ya haraka, ni sombe ya hatari. Mama mkwe alisikiliza maelezo yangu yote mpaka mwisho, akasema, "Ndivyo nilivyosema," akaendelea kutwanga. Sikuwa na la kuongeza.

Hesabu tunafanya kwa meka. Tunaijaza, tunaipima kwa mizani, tunatafuta kilo moja inatugharimu faranga ngapi kwa meka na ngapi kwa mfuko wa kilo 25. Watoto wamegundua wenyewe kwamba mwenye pesa ya mfuko mzima analipa kidogo kwa kila kilo kuliko anayenunua kidogo kidogo. "Kwa hiyo maskini analipa zaidi?" Ndiyo, mwanangu, maskini analipa zaidi. Siku hiyo hesabu iliishia kwenye maombi, na ikazaa mpango: tumechangishana na jirani wawili tukanunua mifuko pamoja, tukagawana kwa meka, kila mmoja na fungu lake.

Lazima pia niwaambie juu ya mtu tuliyemsoma sana mwaka huu. Tarehe 15 Juni 2025, kule Roma, Floribert Bwana Chui alitangazwa mwenye heri. Alikuwa kijana wa Goma aliyefanya kazi katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa. Walimletea rushwa ili aache mchele ulioharibika upite kwenda sokoni, akakataa, na Julai 2007 akauawa, akiwa na miaka 26. Mkubwa wangu, ambaye yuko katika umri wa kupinga kila kitu, akauliza kwa nini asingezichukua zile pesa akawagawia maskini. Baba yake alikuwa akila. Akaweka tonge chini akasema: "Nao maskini ndio wangeula ule mchele." Kijana alinyamaza, jambo ambalo kwake ni adimu. Ninaona huyu ndiye mtakatifu wa watu wa jikoni. Alikufa kwa ajili ya kitu kidogo sana, chakula kiwe safi kwenye sahani ya mtu asiyemjua.

Kumtaja yeye kunanipeleka moja kwa moja kwa ndugu zetu wa Mashariki ya Kongo. Mwaka huu wa 2025 Goma ilitekwa Januari, Bukavu ikafuata Februari, na baadhi yenu mnaosoma salamu hizi mnazisomea kwenye nyumba za watu, au hamjui Noeli itawakuta wapi. Siwezi kuwaandikia maneno ya kuchekesha juu ya hilo. Injili ya Mathayo inasema familia ile ya Bethlehemu iliamka usiku ikakimbilia Misri, na haisemi walipika nini njiani wala nani aliwapokea. Watoto wetu wameamua wenyewe kwamba lazima kulikuwa na mama mmoja Mmisri aliyewapa uji. Haimo katika Maandiko, nimewaambia hivyo, lakini sijawakataza kumwombea mama huyo. Dada wa Bukavu, wewe unajijua, chumba cha nyuma bado ni chako.

Sasa neno moja kwa wazazi wenzangu, mniwie radhi. Nguo za Noeli. Najua mtoto akitoka kanisani na kiatu cha zamani wenzake watamtazama. Najua pia ni nyumba ngapi zinaingia Januari na deni la nguo huku ada ya muhula wa pili inangoja mlangoni na unga uko juu. Kwetu tumesema nguo mpya ni kwa yule ambaye yake imembana kweli, wengine wanafua na kupiga pasi, na pesa iliyobaki inakwenda kwenye kuku. Kuku haonekani kanisani, ni kweli. Lakini jirani anayealikwa kumla anamwona vizuri sana.

Mkesha wa tarehe 24 tutakuwa kwenye misa ya Wakatoliki, na asubuhi tutaimba kwa Wametodisti, tukiwa na usingizi kama kawaida. Mezani Mungu akijalia kutakuwa na kuku wa kienyeji, sombe ya mama mkwe yenye mawese na karanga, wali kwa ajili ya wageni wasiopenda bukari (wapo, tunawaombea), kapenta (dagaa) za kukaanga, na kile kinkubala, viwavi vikavu, ambacho mdogo anakila kama karanga na mkubwa amekikataa tangu ajue ni kiwavi wa nini. Maembe kila mahali. Kabla ya kula, yule wa pili atatusomea kutoka kwenye daftari lake mahindi yamefika sentimita ngapi. Ameomba mwenyewe, na tumeiweka kwenye ratiba kati ya sala na kuku.

Basi, ba mama wajawazito, Mungu awafikishe salama. Ba baba mlio migodini zamu ya sikukuu, sahani zenu zimefunikwa. Wazee wetu, ba nkambo, tunawaomba baraka na hadithi, hadithi kwanza. Walimu wote, mliolipwa na mliokuwa hamjalipwa bado, asanteni. Wafiwa wa mwaka huu, tutawataja kwa majina mkesha ule.

Mtakaopita Lubumbashi kati ya Noeli na Bonane, yaani Mwaka Mpya, pigeni simu kabla ya kufika, kwa sababu mvua ikinyesha njia ya chini haipitiki na itabidi mtu awafuate mzunguke kwa juu. Munkoyo upo, wa siku ya pili.

Heri ya Noeli, na Bonane njema ya mwaka 2026.