Barua ya kuachishwa kazi isiwe kikwazo cha fao

Mhariri, asalaam aleikum. Naandika kutoka Wete kuhusu vijana wetu waliopunguzwa kazi Bara wakarudi nyumbani. Sheria ya hifadhi ya jamii ya 2018 ishawapa fao la kukosa ajira, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6, mradi umechangia mfuko wa hifadhi ya jamii miezi 18 na hukuacha kazi mwenyewe, sasa mdogo wangu slipu za mshahara anazo zote lakini bosi wake wa zamani hampi barua ya kuachishwa, simu hapokei, na bila ya barua ile faili halisogei. Wallahi inauma! Wakubwa wa mfuko wakubali ushahidi mwengine, na wakikataa dai watoe sababu kwa maandishi mtu apate cha kukatia rufaa, tena hapahapa Pemba, maana nauli ya boti hadi Dar asiye na kazi anaitoa wapi?