Risala ya kikundi chetu cha kusoma falsafa ya mchakato kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wetu na wanakikundi wenzangu, karibuni sana.

Mheshimiwa, tunajua ratiba yako imebana kwa hiyo historia ya falsafa ya mchakato, yaani ile inayoona ulimwengu kama matukio yanayoendelea kutokea badala ya vitu vilivyotulia, tunaipitia haraka tu. Heraclitus, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliona mapema kwamba vitu havitulii, mwanafalsafa Mwingereza Whitehead akalijengea wazo la mchakato falsafa nzima mwaka 1929, Karl Weick, msomi wa mashirika, mwaka 1969 akahimiza tuangalie kujipanga kwa watu badala ya shirika kama kitu kilichokamilika, alafu wasomi wenzake Tsoukas na Chia mwaka 2002 wakasema mabadiliko ndio hali ya kawaida ya shirika. Kiswahili chenyewe kinatubeba hapa, maana maneno shirika na kushiriki ni ndugu.

Mafanikio yetu ni makubwa mno. Tunakutana kila wiki, na wanakikundi wote tisa sasa wanaweza kusimama popote kueleza kosa la kuchukua wazo la kufikirika ukalifanya ndio kitu halisi, kama vile kuiona chati ya muundo ukutani ukadhani umeshaliona shirika.

Mheshimiwa, ombi letu ni moja. Tunaomba ruhusa ya kufuatilia kazi moja tu, kumpokea mfanyakazi mpya, kwa mwaka mzima, tukikaa pale inapofanyika. Kwa nini mwaka? Kwa sababu utaratibu ulioandikwa ni ule ule lakini kila anayeutekeleza anaufanya kivyake kidogo, leo fomu inaanza, kesho maelezo ya mdomo yanaanza, na vijitofauti hivyo vikirudiwa rudiwa vinageuka kuwa utaratibu wenyewe bila mtu kutoa agizo, na hilo huwezi kuliona kwa ziara ya siku moja, kwa kweli huwezi, unaona picha ya mnato tu.

Kwa unyenyekevu tunakumbusha kwamba ombi hili sio geni. Mgeni rasmi wa kwanza kabla yako alituahidi mwaka tukapewa siku tatu na nakala ya chati. Wa pili naye aliahidi, tukampigia makofi kwa nguvu, baadae tukaambiwa muundo wa shirika unabadilishwa tusubiri utulie. Mheshimiwa, hautatulia! Kubadilika huko ndio tunakotaka kukusoma, na kila mwezi tunaosubiri kuna kitu kinapita ambacho hakuna faili litakalokirudisha.

Hatuna shaka na moyo wako. Barua ya ruhusa ipo mezani mbele yako, ina aya moja, tunaomba uisaini kabla hujaondoka.