Shukrani ya msamaha ianzie kwa tuliyemdhulumu

Mhariri,

Jumapili nyingi, hapa Unguja na hata Pemba, muumini husimama baada ya mahubiri akamshukuru Mungu kwa kumsamehe na kumgeuza. Bahasha ya shukrani hupokelewa, pambio likaitikiwa kwa vigelegele. Sisi makatekista tunaifurahia mno siku hiyo. Kinachotuuma ni kwamba aliyedhulumiwa mara nyingi hayumo kanisani, wala hana habari.

Hesabu 5:6-8 inaonyesha njia: aliyekosa aungame, arudishe kitu kamili, aongeze sehemu ya tano, ampe mwenyewe aliyekosewa. Asipokuwapo, apewe jamaa yake. Kuhani anapokea pale tu ambapo jamaa pia hayupo. Kwa hiyo bahasha ya kanisa ni ya mwisho, nasi tumeifanya ya kwanza.

Chukueni msimu wa karafuu. Mwenye shamba aliyewapimia wachumaji, wanaolipwa kwa kila pishi (kipimo cha ujazo), kwa pishi ya kilele iliyorundikwa badala ya ya mfuto iliyosawazishwa ukingoni, amewala ujira wao. Tuseme kila mchumaji alipunjwa pishi 2 kwa siku, kwa siku 30: ni pishi 60. Sehemu ya tano ni 12, jumla 72. Azilipe kwa ujira wa sasa, si wa msimu ule, kwani fedha imeshuka thamani na mchumaji atapunjwa mara ya pili. Kila mmoja apewe mkononi mwake, isipitie kwa msimamizi aliyeshika pishi.

Mambo huharibika kwenye maneno. "Kama nilikukosea, nisamehe" si maungamo. Sema: "Msimu ule nilikupunja, na hii ni haki yako." Kisha nyamaza. Usimdai msamaha pale pale; huenda akahitaji mwaka mzima, na ana haki nao. Huna fedha zote? Andikeni ahadi ya kulipa kwa mafungu katika karatasi mbili, kila mtu abaki na yake, na fungu la kila mwezi liwe dogo unaloliweza. Fungu kubwa hukatika mwezi wa tatu, na dhuluma ya pili huchoma kuliko ya kwanza. Ukishuhudia kanisani, jina lake usilitaje.

Visiwani kwetu huyo mwenye haki aghalabu ni Mwislamu. Ataelewa upesi, maana kwake pia toba ya haki ya mtu haitimii mpaka haki irudi. Mwendee baada ya Alasiri, na safari hiyo isigeuzwe mahubiri.

Wapo watakaosema neema hainunuliwi. Ni kweli kabisa, na ndiyo maana tunaiita shukrani. Yesu alikuwa ameshakaribishwa nyumbani kwa Zakayo, mtoza ushuru, pale Zakayo aliposimama akaahidi kurudisha mara nne (Luka 19:6-8).

Kanisa Kuu la Mkunazini limejengwa palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Amri ya kukomesha utumwa ilipokuja mwaka 1897, fidia iliandikiwa mabwana. Waliouzwa hawakurudishiwa kitu. Sisi tunaosali katika jengo lile ndio hasa tusingepaswa kusahau nani wa kulipwa.

Ombi letu kwa mapadri na wachungaji: kabla ya kumpa mtu nafasi ya kushuhudia, muulizeni kwa upole, "Umeshakwenda kwake?" Kama bado, ushuhuda ungoje, na mmoja wenu amsindikize.

Makatekista,
Unguja