Mwanangu, Krismasi hii msije

Rau, Moshi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Sisi huku wazima. Mama yako goti linamsumbua asubuhi, jua likishapanda linatulia. Mvua za vuli bado zinasitasita, ila migomba ya kihambani Uru inavumilia. Mjukuu tumemwona kwenye video akisimama kwa kushika kochi, na mama yako ameshaionyesha hiyo video mtaa mzima.

Nimeona niandike badala ya kupiga simu, maana kwenye simu mambo ya pesa huishia "tutaongea" na hayaongelewi tena. Isomeni wote wawili, wewe na mkwe wangu.

Nianze na lililo zito. Krismasi hii msije.

Najua Mchaga akimwambia mtoto wake asipande nyumbani Desemba watu wanamtazama vibaya. Wataanza kuuliza mbona hamjaja kuhesabiwa. Waache waulize. Nauli ya ndege hadi KIA mwezi huo ni ya kukomoana, na hiyo ni mlangoni tu. Mkishatua kuna gari la kukodi kwenda Uru, kuna mbuzi (ambaye Desemba naye anajijua bei yake), kuna bahasha za shangazi zako, kuna kipaimara cha huyu na harusi ya yule iliyongoja mwisho wa mwaka makusudi ili walio mbali wawepo. Mtarudi huko Ujerumani, Tübingen, Januari mkono mtupu, na baridi ndiyo kwanza imekolea. Njooni Februari, kabla ya masika. Mtoto hajaanza shule, hakuna likizo inayowafunga, na akiwa bado chini ya miaka miwili nauli yake ni sehemu ndogo tu. Mama yako sijamwambia. Hilo niachie mimi.

Sasa hesabu yenyewe. Tulipokuwa kwenu nilikaa na ile karatasi yako ya mshahara pale mezani mkiwa mmelala. Uhasibu wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa hautoki mwilini hata ukistaafu. Niliona mshahara wa mkataba juu, nikashuka na makato moja moja: kodi ya mapato, bima ya afya, pensheni asilimia 9.3 na mwajiri naye analipa kama hiyo, bima ya kukosa kazi, bima ya kutunzwa uzeeni. Halafu nikakuta kodi ya kanisa. Hapo niliita mama yako aje aone. Ulipojiandikisha ofisi ya mji uliandika dini yako, Mlutheri, basi serikali inakata asilimia 8 ya kodi yako ya mapato na kuipeleka kanisani. Si asilimia 8 ya mshahara, ni ya kodi, kwa hiyo si kubwa kama inavyosikika. Lakini ni sadaka. Nami nakumbuka mzee wa kanisa wa huku amekuandikia mara mbili kuhusu ahadi ya jengo, na wewe ukaona haya kusema huna. Sadaka yako inakatwa kila mwezi kabla hujaiona. Ukimwandikia hivyo hutakuwa umedanganya.

Kinachobaki chini ya karatasi ndicho mshahara wako. Ule wa juu usahau kabisa, na usimtajie mtu yeyote huku. Ndugu wakisikia euro wanazidisha kwa karibu elfu tatu, wanapata mamilioni, wanashika vichwa. Sijaona hata mmoja anayezidisha kodi ya pango.

Wewe ulikulia kwenye pesa ya kahawa. Unaikumbuka ilivyokuja: malipo ya kwanza mkulima akifikisha kahawa chamani, ya pili baada ya mnada, na nyongeza ya mwisho kama bei ilikaa vizuri. Mtu aliihesabu mkononi, akaigawa palepale, hii ada, hii mbolea, hii deni la duka. Hata aliyekwenda kuinywea mbege alijua ameinywea. Huko kwenu pesa haishikwi. Inaingia benki, na tarehe moja inaanza kutoka yenyewe: pango, umeme, intaneti, simu, tiketi ya mwezi ya mabasi na treni, ile ada ya redio na televisheni ya euro 18.36 kwa kila nyumba iwe mna televisheni au hamna. Mkwe wangu anatazama salio tarehe tano na kusema tunazo, kumbe kuna la tarehe kumi na tano halijapita. Kisha benki inawaacha mshuke chini ya sifuri bila kelele, kwa riba kubwa. Niliona miezi mitatu mfululizo mmeshuka, nanyi mmezoea.

Fungueni akaunti ya pili. Mshahara uingie kwenye ya kwanza, na kila kinachojikata kikae humo humo. Kinachobaki kihamishiwe kwenye ya pili, na kadi mnayokwenda nayo dukani iwe ya hiyo tu. Ikiisha, imeisha, mtakula viazi. Na vitu vinavyokuja mara moja kwa mwaka, kama bima na hesabu ya mwisho ya joto na maji, mgawe kwa kumi na mbili na kutenga kila mwezi.

Hilo la joto nalirudia kwa sababu niliona linawachanganya. Huku LUKU ikiisha taa inazima, umejua, unanunua uniti. Kule mnalipa makadirio kila mwezi, mnatumia mnavyotaka, halafu mwenye nyumba anawaletea hesabu mwakani: mmezidisha, ongezeni. Siku tuliyokuwapo chumba cha mtoto kilikuwa na joto la Kahe huku dirisha limefunguliwa nusu. Mama yako akasema mtoto anahitaji hewa. Anahitaji, ndiyo. Zimeni joto dakika kumi, fungueni dirisha lote, fungeni, washeni. Jirani yenu yule bibi alinionyesha kwa mikono tu, na tukaelewana.

Vitu vidogo sitavisemea sana, mnajitahidi. Chupa na makopo mnarudisha, na mimi mwenyewe ile kazi niliipenda: unaiingiza kwenye mashine pale supamaketi, inazungushwa, inasomwa, senti 25 zinarudi, inayofuata. Ila kopo mkishaliminya mashine inalikataa, na mkwe wangu ana tabia ya kuyaminya. Kahawa ya kikombe cha karatasi njiani acheni. Mji wenu wenyewe tangu Januari 2022 unatoza senti 50 kwa kila kikombe cha kutupa. Nami kama mtu wa kahawa niliumia kusikia kwamba Ujerumani inatoza kodi ya euro 2.19 kwa kila kilo ya kahawa iliyokaangwa, na wala haitaji siku moja mkulima wa Uru. Haya, hilo halihusu.

Pesa ya serikali kwa ajili ya mtoto, ile Kindergeld, ilikuwa euro 255 kwa mwezi mwaka 2025 na 259 kuanzia 2026. Mtoto wa pili akija msichelewe kuiomba, maana kwa nyuma wanalipa miezi sita tu. Naona mmeichanganya na pesa ya chakula. Itengeni ilipe nepi, viatu na nguo za baridi, mtajua mtoto anagharimu nini hasa. Pia, kwa kuwa mkwe wangu bado anasoma lugha na hajaanza kazi, ulizeni ofisi ya kodi kama mmewekwa daraja linalowafaa watu wa ndoa ambao mmoja tu ndiye anaingiza. Mabadiliko hayo yanaonekana kwenye mshahara wa kila mwezi.

Mnasema mnataka kuhamia nyumba kubwa. Ngojeni kwanza mkwe wangu apate kazi. Amana kisheria haizidi pango la miezi mitatu, bila joto na maji, na mnaruhusiwa kuilipa kwa mafungu matatu. Hilo mnalimudu. Tatizo ni kwamba nyumba nyingi za huko hukodishwa kuta tupu, hata jiko na makabati mnakuja nayo wenyewe. Pigeni hesabu ya jiko kabla hamjapenda madirisha.

Sasa nifike kwetu, maana ndiko pesa yenu inakovujia zaidi na hakuna mwingine atakayewaambia.

Nilihesabu kwenye simu yako, kwa ruhusa yako, ulichotuma huku. Hakukuwa na mwezi unaofanana na mwingine. Mwezi mmoja ada ya mtoto wa binamu, mwingine bati za mjomba, mwingine dawa, mwingine mchango wa sendofu. Unatuma mara tatu nne kwa mwezi, na kila mara unalipia. Halafu unatazama ada ya kutuma tu, wakati wengine hawatozi ada ila wanakula kwenye bei ya kubadilisha. Uliza swali moja: nikitoa euro mia, shilingi ngapi zinafika? Anayefikisha nyingi ndiye wako.

Kaeni wawili, mkate kiasi kimoja cha nyumbani kwa mwezi. Kiwe cha pande zote mbili, kwa sababu mkwe wangu naye ana mama yake Karatu, na huyo mama hajawahi kuwapigia kulalamika. Msimwonee kwa upole wake. Kiasi hicho mkikate baada ya pango, chakula na akiba yenu, si kabla. Kikiwa kidogo ni kidogo. Humo toeni kwanza bima ya afya ya mama yako, ilipwe kwa mwaka mara moja, tuache hii ya kutumiana pesa usiku wa manane mtu akiwa mapokezi hospitalini. Kinachobaki kaeni nacho mkijua ni cha nini. Mdogo wako ana mkopo wa chuo. Nauli na chakula nitamalizia mimi kwa pensheni.

Ombi likizidi kiasi hicho, jibu lako ni moja tu: "Naomba uongee na baba." Usieleze, usiape, usitume picha ya salio. Nimekaa miaka mingi nikiwaambia wakulima kwamba malipo ya pili hayajafika, sitashindwa kumwambia shangazi yako. Msiba wa karibu na ugonjwa nimevifungulia ukurasa wake kwenye kaunta buku. Mkiweka kidogo humo kila mwezi, siku kikitoka nitakupigia picha ukurasa uone kimekwenda wapi.

Harusi ya binamu yako, kadi ya singo inatosha. Dabo waachie watakaokaa ukumbini wakala ndafu. Kwenye lile kundi la WhatsApp wakiweka orodha ya waliotoa na wasiotoa, usiitazame.

Kiwanja nacho kingoje. Fundi ninaye, mchanga upo, na mimi nipo wa kusimamia, lakini msianze msingi kabla hamjaweka pembeni pesa ya kuishi miezi mitatu huko bila mshahara. Msingi ukishachimbwa utakuwa unawadai saruji kila wiki.

La mwisho ni ile fomu ya ofisi ya kodi ya huko, ya kupunguziwa kodi kwa kuwa unatusaidia sisi wazazi, inayotaka serikali ya huku ithibitishe kwamba sisi ni wazazi wako na tunaingiza kiasi gani. Nimeipeleka kwa mtendaji wa kata. Aliigeuza mbele na nyuma, akaniuliza muhuri apige wapi, tukautafuta mstari pamoja hadi tukaupata. Iko tayari. Umeniambia kwamba kuanzia 2025 sheria yao inataka msaada wa wazazi upite benki hadi kwenye akaunti ya mzazi mwenyewe, na cha kupeana mkononi hakihesabiwi. Kwa hiyo nimefungua akaunti kwa jina langu, na kuanzia sasa usitume tena kwenye simu ya binamu yako. Usitegemee punguzo kubwa. Kwa wazazi wanaoishi nchi kama yetu wanakubali kiasi kidogo kuliko kwa wanaoishi huko, na pensheni yangu nayo wataiangalia. Lakini tuma, na stakabadhi zote mziweke faili moja.

Nangoja mnijibu kiasi mlichokubaliana na tarehe ya kutuma. Nikishapata nitawaita ndugu Jumapili baada ya ibada ya pili, niwatangazie mimi mwenyewe, ili atakayekasirika anikasirikie nikiwa palepale.

Msalimie mkwe wangu, mbusu mjukuu. Mama yako anauliza kama zile soksi alizofuma zinamtosha au zimeshakuwa ndogo.

Ni mimi baba yako.