Paka wa Malkia: Alhamisi baada ya Isha

Assalaam aleikum ndugu zangu. Alhamisi tukutane barazani Mkomani. Juzuu ya kwanza ya riwaya ya The Lord of the Rings (Tolkien, 1954) tumeimaliza, lakini mimi paka wa Malkia Berúthiel hawanitoki akilini. Aragorn, mmoja wa wasafiri hadithini, anawataja mara moja tu, gizani kwenye machimbo ya Moria: mchawi Gandalf hujua njia ya nyumbani usiku kuliko wao. Malkia gani huyo? Hatuambiwi! Juzi stima zilipopotea, paka mmoja alinitangulia kichochoroni mpaka mlangoni, nikawakumbuka. Tom Bombadil naye, yule mtu wa ajabu wa msituni, Tolkien aliandika kwenye barua kuwa alimwacha fumbo makusudi. Kila mtu aje na fumbo lake, na ukurasa aliolikuta. Kahawa naleta mimi, mahamri nani?