Zuhura, jina lisajiliwe kwako

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Natumai barua hii itakukuta umeshapata angalau usiku mmoja wa usingizi tangu wakufungie ukurasa wako wa ushonaji mtandaoni. Huku hatujambo, na Mama Rehema anakusalimu, anauliza mkasi wake utarudi lini. Nimekawia kujibu, uniwie radhi. Sikutaka kukutumia neno la pole peke yake wakati umeuliza jambo zito: ufungue ukurasa mwingine palepale, au uanzishe blogu yako mwenyewe.

Na pole ipo, tena ya moyoni. Makala za miaka minne, maswali ya watu na majibu yako chini yake, vyote vimekwenda kwa ujumbe wa mistari miwili usio na pa kukatia rufaa. Inauma. Lakini hilo wazo lako la kufungua ukurasa mwingine palepale, kwa jina lilelile ukiongeza 2 mwishoni, nakuomba uliache. Pale ulikuwa umepanga, Zuhura. Mwenye nyumba akibadili kufuli, vyombo vyako viko ndani na wewe uko nje. Wala si lazima uwe umemkosea. Posterous ilikuwa mahali pa blogu hasa, watu wakiandika humo kwa raha zao. Twitter ikainunua mwaka 2012, na Aprili 2013 ikafungwa. Waliokuwa humo hawakuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo ndiyo, fungua blogu yako, kwenye anwani yako. Hapo ndipo ninapofika kwa Kassim, maana tangu nisome barua yako sijatulia.

Unasema amejitolea kukusajilia kikoa, yaani jina la anwani ya tovuti yako, kwenye akaunti yake na kukuwekea tovuti kwenye seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) anayolipia yeye, ili usihangaike. Moyo wake siutilii shaka. Shida ni kwamba kikoa ni cha yule aliyeandikwa kwa msajili, ile kampuni inayosajili majina, si cha yule anayeandika makala. Kassim akiugua, akisafiri, akisahau nywila, au mkikosana siku moja kwa jambo lisilohusu blogu kabisa, huna cha kumwonyesha msajili. Utakuwa umehama chumba cha kupanga ukaingia kingine.

Fanya hivi. Mwambie aje akae kando yako, wewe ukiwa ndiye unayebonyeza. Fungua akaunti kwa msajili kwa jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho. Baruapepe utakayoandika isiwe ile itakayokaa kwenye kikoa chenyewe: kikoa kikiisha muda, na baruapepe yake hufa, na onyo la kulipia litakuwa linatumwa mahali ambapo hapapo tena. Washa uthibitisho wa hatua mbili, zile namba za dharura uziandike kwenye karatasi, karatasi uiweke na vyeti vyako. Lipia miaka miwili au mitatu kwa mkupuo ukiweza, kisha washa malipo ya kujirudia. Lakini usiyaamini sana hayo malipo ya kujirudia. Kadi ya benki ikiisha muda nayo hukwama kimyakimya. Andika tarehe ya mwisho kwenye kalenda, mwezi mzima kabla.

Ukichelewa, kwa majina ya .com mambo huenda hivi: kwanza msajili anaweza kukupa siku kadhaa za kulipa kama kawaida, na idadi yake hutofautiana kati ya msajili na msajili. Zikipita, kuna siku 30 za kukikomboa, kwa ada kubwa kuliko ya kawaida. Halafu siku 5 ambazo hakuna linalowezekana, kisha jina linaachiwa na yeyote anaweza kulichukua. Wapo wanaovizia majina kama hayo, na wakilipata hukuuzia jina lako mwenyewe.

Seva ilipiwe kwa kampuni nyingine, si kwa msajili yuleyule. Ukigombana na mwenye seva, unachukua faili zako, unaelekeza jina kwenye seva mpya, na msomaji anaandika anwani ileile aliyoizoea. Jina la .com likishasajiliwa, kwa kawaida hutaweza kulihamishia kwa msajili mwingine ndani ya siku 60 za mwanzo, kwa hiyo chagua msajili kwa utulivu kabla ya kulipa.

Sasa maandishi yenyewe, na hapa ndipo nina furaha nawe. Rasimu uliyonitumia, ya cherehani kuruka mshono, ni nzuri, ila umeipa jina "Mambo muhimu kuhusu cherehani". Hakuna mtu anayekaa mbele ya mashine iliyogoma akatafuta maneno hayo. Iite "Kwa nini cherehani inaruka mshono baada ya kubadilisha sindano". Mtu mwenye shida hiyo huandika karibu maneno hayohayo.

Tena humo ndani umesema ubapa wa shina la sindano, ule upande wake ulio bapa, huelekea nyuma "kila mara". Hapo utaumbuka. Ni kweli kwa mashine nyingi za nyumbani za siku hizi, lakini mashine nyingi za zamani uzi hupita kwenye tundu la sindano kutoka ubavuni, na ubapa hukaa ubavuni vilevile. Msomaji mwenye mashine ya bibi yake atakufuata, mshono utazidi kuruka, na hatakuamini tena hata pale unaposema kweli. Andika: kwanza tazama mashine yako uzi unapita upande gani. Hiyo ndiyo kazi ambayo blogu inakufanyia bila kukuambia. Mkono unajua miaka yote, lakini ukitaka kuliandika neno "kila mara" unalazimika kwenda kukagua.

Mpangilio wa hatua pia ubadilishe. Umeanza na skrubu ya kukaza uzi, na hilo ndilo kosa la kila mtu: wanazungusha skrubu, sindano bado ni mbovu, sasa wana matatizo mawili. Anza na sindano mpya, halafu pitisha uzi upya wa juu, halafu bobini ya uzi wa chini, skrubu iwe ya mwisho. Na ile namba ya sindano, 90/14, ielezee, usiipite tu: 90 ni unene wa sindano kwa sehemu za mia za milimita, yaani milimita 0.9. Mtu akishaelewa hilo hahitaji kukariri orodha. Anajua mwenyewe kwa nini 70 haifai kwa kitambaa cha jinzi. Ukiweza, piga picha mbili za sindano kwa karibu, moja imekaa sawa na moja imegeuzwa. Picha hizo mbili zitafanya kazi kuliko aya tatu.

Picha za simu usizipakie zilivyo. Megabaiti 4 kwa picha moja, ukurasa hautafunguka kwa mtu mwenye mtandao dhaifu. Punguza upana hadi pikseli 1200, uzito ushuke chini ya kilobaiti 200. Na ufute taarifa za mahali zilizofichwa ndani ya picha, maana unafanyia kazi nyumbani na kuna picha ulizopigia kwa wateja.

Anwani ya kila makala iwe fupi, isiyo na tarehe, na ukishaitangaza usiibadilishe. Ukiibadilisha, kila kiungo alichohifadhi mtu kinakufa. Ukilazimika, weka ile amri ya 301 ya kumpeleka msomaji kwenye anwani mpya. Kassim anaijua, atakuonyesha. Ukikosea jambo, lisahihishe waziwazi na uandike tarehe ya sahihisho. Fundi anayesahihisha mbele ya watu ndiye wanayemrudia.

Nakala za akiba, tafadhali, baada ya yaliyokupata. Ukitumia WordPress, ile programu ya kuendeshea blogu, lile faili la nakala (XML) unalopakua lina maneno na maoni, picha hazimo. Lina viungo tu vya kule picha zilipo. Tovuti ya zamani ikishazimwa, utarudisha makala zenye matundu. Kwa hiyo pakua na folda ya picha, kila mwezi, nakala moja kwenye kompyuta na moja kwenye diski inayokaa nyumba nyingine. Halafu jaribu kuirudisha mara moja, mahali pa majaribio. Nakala ambayo hujawahi kuijaribu usiihesabu.

Kuhusu pesa: matangazo yaweke mwisho kabisa, kwa wasomaji wachache hayaleti kitu na yanachafua ukurasa. Kitakacholeta kazi ni mtu kusoma ile makala ya sindano, kuona unajua, na kukuta chini yake namna ya kukupata. Anza kukusanya baruapepe za wasomaji tangu makala ya kwanza, kwa idhini yao, na kila mwezi pakua orodha hiyo. Hao hawatapotea hata seva ikiungua. Na watakuja watu kukuandikia wakitaka uwawekee viungo ndani ya makala kwa malipo... hilo tutazungumza, ila kwa sasa jibu ni hapana.

Narudi kwa Kassim, unisamehe. Kama ameshalipia jina kwenye akaunti yake, si mwisho wa dunia. Wasajili wengi wana njia ya kulisogeza jina kutoka akaunti moja kwenda nyingine kwa msajili huyohuyo; muombe afanye hivyo wiki hii, kabla hujaweka makala hata moja. Ukiona aibu kumwambia, nitamwambia mimi.

Je, ameshalipia? Jina mlilochagua ni lipi, ni lako au la biashara? Mimi ningechagua lako, biashara huenda ikabadilika. Rasimu zilizobaki kwenye simu ni ngapi, na zipo mahali pengine popote? Umewaomba wateja wa zamani wakutumie picha walizohifadhi? Na ile mashine ya ubapa wa ubavuni, si ipo kwa Mama Rehema? Mpelekee mkasi, umpige picha sindano yake hapohapo.

Nasubiri jibu lako.

Wako akupendaye,
Saida