Mikataba ya watafiti wa neva za jicho ilingane na ugonjwa wenyewe

Ndugu Mhariri,

Kila inapoandikwa habari ya glakoma, ambayo wengi tunaiita presha ya macho, wasomaji huhimizwa kupima mapema na kutumia matone bila kukatiza. Ushauri huo ni sahihi. Hata hivyo, matone, leza na upasuaji vyote hushusha presha ya jicho tu, wala havizilindi moja kwa moja seli za neva za retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), ambazo nyuzi zake zipatazo milioni 1 hupeleka taarifa za kuona kwenye ubongo. Zikifa, hazioti tena. Na wapo wagonjwa ambao presha yao ni ya kawaida lakini seli zinaendelea kufa.

Sehemu kubwa ya kazi ya kuitafuta dawa ya kuzilinda seli hizo hufanywa na watafiti waliokwisha kuhitimu shahada ya uzamivu lakini hawajapata ajira ya kudumu, na ambao mikataba yao mara nyingi ni ya mwaka 1 au 2. Kasoro ninayoilalamikia iko hapo. Panya wa ukoo wa DBA/2J, ambao hurithi glakoma, hupandwa na presha wakiwa na miezi 6 hadi 8, na neva zao huharibika vibaya wafikapo miezi 10 hadi 12. Anayewapa dawa wangali wachanga hungoja karibu mwaka mzima ndipo aikate neva vipande vyembamba na kuzihesabu nyuzi zilizosalia kwa darubini. Matokeo yakizua swali jipya, mkataba umekwisha. Njia ya mkato ipo: neva ya jicho ya panya asiye na glakoma hubanwa kwa koleo dogo, na baada ya wiki 2 seli nyingi zimekwisha kufa. Makala hutoka upesi, ingawa jeraha la sekunde chache halifanani na maradhi yanayotambaa kwa miaka.

Utafiti wa mwaka 2017 ulioonyesha kwamba vitamini B3 huzilinda seli hizo uliwezekana kwa sababu panya wa DBA/2J waliachwa wazeeke. (Wasomaji wasikimbilie vidonge: dozi kubwa huweza kudhuru ini.) Memantini, dawa inayotumiwa kwa ugonjwa wa Alzheimer, nayo ilijaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 2,000 kwa miaka 4, na matokeo ya mwaka 2018 yakaonyesha kuwa haikuuzuia ugonjwa.

Kwa hiyo naziomba taasisi zinazofadhili utafiti huu zitoe mikataba isiyopungua miaka 4 kwa wanaofuatilia wanyama hadi uzeeni, na zisimnyime mtafiti ufadhili unaofuata eti kwa kuwa dawa aliyoipima kwa uaminifu haikufanya kazi.

Msomaji wenu